Sifuri Tatu Mahali pa Jina

Niliporudi Sumbawanga na stashahada ya kompyuta kutoka Ulaya, nilikuwa sishikiki. Nani mwingine Ufipa nzima alikuwa nayo? Baba alikufa akichunga ng'ombe wa watu. Mimi nikiingia kazini nilikuwa nawashiwa jenereta. Hilo najivunia hadi leo.

Mradi wa kupima mvua ulinipa kazi ya kuchapa karatasi za vipimo, zibandikwe kila kijiji. Niliandika programu kwa C, lugha ambayo nafasi ya maandishi unaipima mwenyewe. Namba yenye desimali huwezi kuibandika hivi hivi; unaigeuza kwanza iwe maandishi, na maandishi hayo unayatengea nafasi. Niliyatengea herufi sita. Nafasi iliyofuata ilikuwa ya jina la kijiji.

Karatasi ya kwanza nilitaka isomwe na mama, katika kijiji chetu cha ujamaa upande wa Laela. Alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima. Jina la kijiji ndilo neno la kwanza alilojua. Alizoea kuliandika kwa kidole kwenye unga wa ulezi. Nikawatangazia watu mkutanoni, "Mashine yangu haikosei. Mama atawasomea." Nikamkabidhi bahasha niliyoifunga bila hata kuitazama karatasi.

Akasoma, "Mvua." Akasoma, "Kijiji." Aliisogeza karatasi machoni, akaipeleka mbali.

"Nimesahau kusoma," akasema.

Nikachungulia. Mvua: 23.400000. Kijiji: 000. Sikuwa nimeiambia C ikomee desimali moja, nayo ikapanga sifuri mpaka zikafurika kwenye nafasi ya jina na kulifuta.

"Mama, aliyekosea ni mimi!" nikasema kwa sauti.

"Si umesema haikosei?" jirani yetu akadakia.

Mzee mmoja nyuma akapiga makofi. "Mwaka ule wa ujamaa walituhamisha kwa lori. Leo tumehamishwa kwa karatasi!"

Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. "Usinifichie aibu, mwanangu," akaninong'oneza, akakaa chini.

Wiki iliyofuata nilimpelekea karatasi nyingine, desimali moja, jina kamili. Nilimkuta akichekecha unga wa ulezi. Hakunyoosha mkono kuipokea.

"Soma wewe, baba," akasema. "Ndiwe mwenye stashahada."

Nikamsomea jina la kijiji chetu, nimesimama kama mtoto wa darasa la kwanza. Unga ulijaa ungoni, laini, hauna hata alama ya kidole.