Nilikata Waya wa Ethi, Athieno Akashika Sanduku

Msiniulize jina. Kosa ni langu, simsingizii mtu. Waya niliukata mimi, kwa koleo langu mwenyewe.

Miaka ile Uganda inatawaliwa na jeshi, mimi nilikuwa fundi redio wa Busia, upande wa Kenya. Kila wiki nilivuka mpaka kwenda Tororo, Uganda, kupiga muziki na rafiki yangu Odoi, fundi mwenzangu. Tulikuwa tumeunda kinanda cha umeme cha masanduku matatu ya bati, kila sanduku na sauti yake na pawasaplai yake ya kulipa umeme, niliyoiunda kwa transfoma za redio kuukuu. Jamani, tulikipenda kinanda kile!

Shida ilikuwa mvumo. Ukiunganisha masanduku yote, spika inanguruma hata kabla hujagusa kitu. Dawa niliijua: nyaya zote za ethi, zile za kupeleka ardhini umeme uliovuja, zikutane mahali pamoja. Lakini ilibidi kufungua kila kitu upya, na kesho yake mchana tulitakiwa kupiga mbele ya wakubwa wa jeshi. Nani angethubutu kuwapigia mvumo wale?

Nikakata ethi ya sanduku la katikati. Kimya! Odoi akacheka.

"Wacha hivyo hivyo, bwana. Nani taona?"

Mwimbaji wetu alikuwa Athieno, mchumba wangu, nilishapeleka posa kwao Mella. Sikumwambia! Wimbo wa pili, mkono mmoja umeshika maikrofoni ya chuma, akaegemea lile sanduku kwa mkono wa pili. Kumbe transfoma ilikuwa inavuja. Alitupwa chini. Kiganja kiliungua, vidole viwili havikunyooka tena, naye riziki yake ilikuwa cherehani.

Afisa akauliza fundi ni nani. Nikamtazama Odoi, nikingoja aseme ni sisi wawili.

"Ni huyu, afande! Ni mtu ya Kenya. Mimi sijui mambo yake!"

Odoi! Mtu niliyekula naye sahani moja! Siku zile Mkenya alidhaniwa jasusi, maneno hayo yalitosha kukumaliza. Nilichapwa vitako vya bunduki, wakanipakia garini. Gari lilipokwama matopeni nikaponyoka, nikakata mashamba ya Sikuda kwa miguu hadi nyumbani. Kinanda kikabaki kwa Odoi. Nilimlaani asubuhi na jioni.

Miezi ikapita, Athieno akanifuata Busia, ameshaambiwa habari ya waya. Badala ya kumuuliza hali ya mkono, nikaanza kumlilia jinsi Odoi alivyonisaliti. Akanikatiza.

"Odoi alikuuza juu aliogopa kufa. Mimi uliniuza juu ya nini? Juu ya kelele?"

Akaondoka, na posa ikarudishwa.

Nyinyi mnaochezea umeme, mvumo ni aibu ya siku moja tu, uvumilieni. Ethi msikate. Na kama umeshaikata, sema, jamani! Sema kabla mtu hajashika!