Harufu ya Radi Ndani ya Nyumba

Siku ile naikumbuka kwa pua, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa macho. Jua lilikuwa linawaka juu ya Tunduma, wingu halikuwepo hata moja, lakini chumba chetu kilinuka radi.

Kama umekulia huku kwetu, harufu hiyo unaijua. Radi ikipiga mti wa jirani, hewa hubaki kali puani, kama chuma kilichosuguliwa. Sisi watu wa Mbozi huipenda, maana huja na mvua za kwanza, na mvua za kwanza ndizo mahindi yetu. Ndiyo maana tulidanganyika upesi. Mtu hudanganywa kwa kile anachokipenda.

Nimeinusa tena mwezi uliopita, nyumbani kwa binti yangu wa mwisho. Ameweka kiboksi cheupe chenye taa ya buluu kando ya kitanda cha mjukuu wangu, dirisha limefungwa. "Mama, hicho kinasafisha hewa," akaniambia. "Kinaua vijidudu vyote." Nikakichomoa ukutani. Akanuna, akasema wazee tunaogopa kila kitu kipya.

Basi naandika. Mimi si mtu wa maneno. Tangu utotoni nilikuwa na haya, shule yangu iliishia darasa la saba, na kalamu yangu huenda polepole. Lakini nina hasira, na hasira hii imenikalisha mezani. Sitaificha.

Wakati ule reli ilikuwa bado mpya. Baba alipata kazi ya kupokea mizigo stesheni, tukahama kijijini Hasamba na kupewa nyumba ya reli, yenye umeme. Tulikuwa tumezoea koroboi. Siku ya kwanza Bibi, mama yake baba, aliwasha taa na kuizima, akawasha na kuizima, mpaka akakaa chini kwa kucheka.

Dada yangu Tusekile hakucheka sana. Alikuwa na pumu. Malori ya kwenda Zambia yalipita karibu na nyumba kutwa nzima, na vumbi lake lilikaa juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa. Naye alikuwa amechaguliwa kwenda kusomea ualimu. Wa kwanza katika ukoo wetu, mwanangu, tena msichana. Mganga wa zahanati alisema kifua kisipotulia hawezi kwenda. Kwa hiyo nyumba nzima iliishi kwa kusikiliza pumzi ya Tusekile. Alipolala vizuri, hata Baba aliimba akinyoa ndevu.

Hapo ndipo alipoingia Baba mdogo Wiliamu. Huyu alikuwa ndugu yake Baba, aliyefanya kazi ng'ambo ya mpaka, Zambia, kwenye migodi ya shaba. Alifika na kitu kimefungwa kwenye blanketi, kizito kama mawe ya kusagia.

"Shani, bamayo!" alimsalimu Mama kwa Kibemba chake cha migodini. "Leo nimewaletea mapafu mapya."

Ilikuwa mashine ya chuma, yenye matundu mbele na waya nyuma. Alisema ni ya bosi wake Mzungu aliyerudi kwao. Akaiwasha, ikavuma kama nyuki, na baada ya muda, jua likiwaka nje, ndipo chumba kikanuka radi.

"Sikieni hewa ya mlimani!" akasema Baba mdogo. "Inaua vijidudu, inaua vumbi, inaua harufu. Lakini fungeni madirisha. Mkifungua, hewa iliyosafishwa inatoroka."

Balozi wetu wa nyumba kumi aliitwa aje kuona. Alinusa, akatikisa kichwa kwa furaha. "Watu, ardhi, siasa safi, na sasa hewa safi! Haya ndiyo maendeleo." Watu wakacheka, na Baba akavimba kifua. Akatoa akiba yake yote, akampa ndugu yake.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kile kilitembezwa kutoka ng'ambo mpaka kitandani kwa dada yangu.

Siku za mwanzo tuliona kama kweli. Harufu ya vumbi ilipotea, na harufu ya dagaa vilevile. Hata harufu ya radi yenyewe tuliacha kuisikia, kwa sababu pua huzoea. Ukikaa na kibaya muda mrefu, pua yako inakuwa shahidi wake wa uongo. Tusekile ndiye aliyelalamika kwanza.

"Koo linaniwasha," alisema. "Nahisi kama nimemeza mchanga."

"Iwe, mtoto!" Baba mdogo akamcheka. "Uchafu huo unatoka. Dawa kali lazima iume."

Hapa nitasimama kidogo, mwanangu. Mtu akikwambia kwamba maumivu yako ndiyo dalili ya kupona, muulize kwanza anauza nini. Mtoto anasema koo linawasha, na mtu mzima mwenye ndevu anamwambia koo lake linasema uongo! Na sisi wote tuliitikia. Alikuwa mgeni, alikuwa mkubwa, alikuwa ametoka mbali.

Chumbani mle Baba alikuwa na sanduku la nguo, amelifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu, vile vya kufungia mzigo kwenye keria ya baiskeli. Havikuwa vya zamani. Vikaanza kupasuka vyenyewe, nyufa nyingi ndogo, kama tope la mtoni wakati wa kiangazi. Baba akamtukana fundi baiskeli aliyemuuzia. Akafunga vingine. Navyo vikapasuka. Akamtukana tena.

Sasa tufike Jumapili ile. Mchana mvua ilishuka kwa nguvu, na pumzi ya Tusekile ikaanza kupiga filimbi. Mama akafanya alichofanya mama yake na bibi yake: kumfukiza. Alichemsha majani ya mkaratusi, akatia maganda ya malimao mengi, akaweka sufuria miguuni pa dada na kumfunika blanketi. Huko Hasamba tulifukizana hivyo tangu zamani, katika nyumba za nyasi zenye hewa inayopenya kila upande, na hatukuona mtu akidhurika. Lakini mle chumbani dirisha lilifungwa kwa ajili ya mvua, mlango ulifungwa kwa ajili ya maagizo ya Baba mdogo, na mashine ilikuwa inavuma. Mama aliisogeza karibu zaidi. Alisema, dawa mbili ni bora kuliko moja.

Mama yangu hakuwa mjinga. Nasema hivyo kwa sababu watu walimcheka baadaye. Alifanya kwa upendo kile alichokijua, akachanganya na kile alichodanganywa.

Kwanza macho yetu yalianza kuwasha. Kisha Tusekile akatupa blanketi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alifungua kinywa kama samaki aliyetolewa majini, na hewa haikuingia.

Mama akapiga kelele. Aliyesikia ni Mzee Salum, dereva wa lori kutoka Tanga, aliyekuwa amejikinga mvua barazani kwetu akisubiri zamu ya kupakia. Huyu alikuwa mtu wa utani, kila asubuhi alimwita Bibi "mchumba". Siku hiyo hakutania. Alisukuma mlango, akakohoa, akafunika pua kwa kanzu.

"Mnafanya nini humu? Panaunguza kama tindikali ya betri! Fungua dirisha, mama, fungua!"

Alimbeba Tusekile kifuani, mvua ikiwapiga wote wawili, akamweka kwenye kiti cha mbele cha lori lake na kumkimbiza mpaka hospitali ya misheni. Mzigo wake ulipakiwa na mwingine siku ile. Hakudai chochote.

Tusekile hakufa. Nashukuru. Lakini alikaa hospitali muda mrefu, na aliporudi alikuwa anapumzika kila hatua chache.

Kabla hajarudi, Bibi alimwita Baba, akamkalisha mbele ya sanduku. Alishika kipande cha mpira kati ya vidole vyake, akakivuta. Kikakatika bila nguvu, kama ganda la ndizi lililokauka.

"Mpira huu unabeba magunia mpaka Igamba hauchoki," Bibi alisema. "Hapa haukubeba kitu. Umekaa tu na mashine yako. Sasa niambie wewe baba, kifua cha mtoto ni kigumu kuliko mpira?"

Baba akaokota kipande kilichokatika, naye Bibi akaendelea.

"Na tangu lini radi ikakaribishwa ndani? Kule kwetu nyumba ikipigwa radi, watu hutoka nje, milango yote hubaki wazi, na hakuna anayelala humo siku hiyo. Wewe umeinunua, ukaifungia ndani na mwanao."

Baba alimrudishia ndugu yake mashine. Na Baba mdogo, unajua alisema nini? "Ajali haina kinga, kaka." Mwanangu, maneno hayo yananichoma mpaka leo. Ajali ni mti kukuangukia. Kitu ulichoambiwa kinamuumiza mtoto, ukasema kinamponya, hicho si ajali.

Wala hakuitupa. Wiki haikuisha, Mama akasikia kisimani kwamba ameiuza kwa familia ya karani mmoja, upande wa pili wa stesheni. Mke wa karani alikuwa amejifungua, na mtoto alikuwa na mafua.

Bibi akamtaka Baba aende akawaambie. Baba akatazama chini. "Mama, tutamwaibisha Wiliamu. Ni ndugu."

Kikulacho ki nguoni mwako, waliotangulia walisema. Wao walisema uking'oe. Baba alitaka kuifunga nguo vizuri ili watu wasikione. Nilimpenda baba yangu, na siku ile nilimkasirikia hivi kwamba machozi yalinitoka.

Bibi akanigeukia. "Magoti yangu hayafiki huko. Nenda wewe."

"Mimi, Bibi? Nitasema nini?"

"Una miguu na una pua. Mficha uchi hazai. Haya zako zitakufaa siku nyingine."

Nilikwenda na kipande cha mpira mkononi. Nilikuwa msichana ambaye dukani aliogopa hata kuita muuzaji. Njiani nilipanga maneno, nikayapoteza, nikayapanga tena. Nilipofika mlangoni kwa karani nikasimama. Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha limezibwa kwa kanga. Nilifungua kinywa nipige hodi, sauti haikuja.

Ndipo upepo ukanipitishia ile harufu kutoka chini ya mlango. Na ndani nikasikia kichanga kikikohoa, kikohozi kidogo kikavu.

Sikupiga hodi.

Nilisukuma mlango, nikapita katikati ya chumba cha watu, nikashika waya na kuuchomoa. Mke wa karani akaruka kitandani. "Mwizi! Jamani, mwizi!" Akanirushia kikombe, kikanipiga bega. "We mtoto wa nani, huna adabu?"

Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa yametoroka. Nikanyoosha mkono, nikauvuta mpira mbele ya macho yake, ukakatika. Nikaonyesha mashine. Nikaonyesha kifua cha mtoto. Nikaweza kusema tu, "Dada yangu."

Habari ya Tusekile ilikuwa imeenea stesheni nzima, ila hakuna aliyekuwa amemwambia mke wa karani kwamba mashine ile ilitoka kwetu. Yule mama alitazama mpira, akatazama mashine. Kisha aliing'oa kanga dirishani, na upepo wenye vumbi la malori ukaingia. Mtoto akakohoa, akapiga chafya, akaanza kulia kwa sauti kubwa na nzuri.

Ualimu Tusekile hakuupata. Walimpa nafasi tena, lakini kifua hakikustahimili vumbi la chaki. Aliuza maharage sokoni Tunduma, akawafundisha watoto wa wenzake kuhesabu kwa punje za maharage. Kila nilipomwona, nilimkumbuka mwalimu tuliyenyang'anywa.

Miaka mingi baadaye nesi mmoja alinieleza jina la kitu kile: ozoni. Huko juu sana angani inatukinga na jua kali. Ndani ya nyumba inaunguza mapafu. Kiasi kinachoweza kuua vijidudu hewani kinamuumiza mtu kwanza, na kiasi kidogo hakisafishi kitu, kinaidanganya pua tu. Tena ikikutana na harufu za malimao, mkaratusi au sabuni za kunukia, inazaa sumu nyingine, mojawapo ikiwa ileile inayotiwa kwenye dawa ya kuhifadhia maiti. Dawa mbili za Mama zilizaa hiyo, miguuni pa dada yangu.

Basi sikia, mwanangu, nikuambie wazi. Usinunue mashine inayotengeneza ozoni, hata ikiwa ndogo, hata ikiwa na taa nzuri. Soma maandishi ya kwenye boksi, na usipoelewa, uliza mtu asiyekuuzia. Ukisikia harufu ya radi ndani ya nyumba, chomoa waya, fungua dirisha, toa watoto nje. Usingoje uzoee. Mtoto akisema koo linawasha, mwamini yeye kabla ya muuzaji. Vumbi lifagie kwa kitambaa chenye maji. Na ukijua kwamba kitu kinaumiza, usikipeleke kwa jirani, wala usimstahi ndugu anayekipeleka. Adabu ni kitu kizuri, nami nimeishi nayo maisha yangu yote. Lakini kuna milango isiyopigwa hodi.

Binti yangu bado amenuna. Kiboksi chake nimekivunja kwa jiwe ili asiwepo wa kukiokota.

Mungu akupe nyumba yenye madirisha yanayofunguka. Akupe watoto wanaolia kwa sauti kubwa. Na siku sauti yako itakapogoma kutoka, mkono wako uwe umeshafika kwenye waya.