Mkeka Juu ya Shimo la Gari

Kutu iliyolowa ina harufu yake, na ukishaivuta utotoni haikutoki puani. Ina udamu kidogo, ina utope, halafu nyuma yake kuna petroli iliyochacha. Harufu hiyo ndiyo iliyonipiga Jumamosi ya juzi hapa Villawood, Sydney, mwanangu Deo alipovua turubai kwenye gari la marehemu baba yake. Ni gari la zamani la milango miwili, injini ya silinda nane, boneti ndefu kama jeneza la mtu mrefu. Marehemu alilinunua kwa mwenzake wa kazini kule Wetherill Park, akawa analishughulikia kila Jumapili tukitoka kanisani, mpaka Mungu akamwita hajalimaliza. Sakafu ya mbele upande wa abiria imeliwa, kuna shimo la kupitisha papai. Deo anataka kuliuza. Sina ugomvi na kuuza. Ugomvi wangu utauona, ila kwanza nikurudishe Tabora, maana hasira yangu haikuzaliwa Sydney.

Baba yangu alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa asali. Yule tajiri alipohama nchi akamwachia gari lake, limarekani kubwa lenye mabawa nyuma na kiti cha mbele kirefu kama benchi la kanisani. Basi tukawa watu wa nyumba ya udongo yenye gari la kifalme mlangoni. Majirani walitucheka: "Kwa kina Yusta nyumba inavuja, lakini gari lina redio!" Likinguruma, kuku walikimbia mpaka mtaa wa pili. Lakini gari la namna ile linakula kuliko ng'ombe, likakaa nje mvua mbili nzima, likaoza kwa chini kama jino. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimesoma darasa la kwanza na nusu ya la pili, nikarudishwa nyumbani kwa kukosa sare na ada. Nilijua kuandika jina langu, na siku za juma mpaka Alhamisi. Zilizobaki nimejifunza ukubwani, usinicheke. Baba akaniita uani akasema, "Gari likiuzwa, Yusta, unarudi shule." Nililala na neno hilo kama mtu anayelala na mkate chini ya mto.

Mnunuzi alikuwa bwana mganga wa zahanati, mtu mpole, anataka gari la kubebea wagonjwa. Sasa kwetu, mwanamume mwenye adabu hainami kuchungulia miguuni pa mwanamke, hata awe mtoto wa kike. Baba alilijua hilo, akalitumia. Alitandika mkeka juu ya shimo lililoliwa na kutu sakafuni, akaniketisha miguu juu yake, akanivutia gauni lifunike magoti, akaninong'oneza: "Kanyaga pembeni, katikati usiguse. Usiinuke hata wakikwambia kuna nyoka." Bwana mganga akashika usukani, baba katikati, mimi mlangoni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara ilikuwa madimbwi matupu. Kila tukipita dimbwi, maji ya tope yalipanda kwenye mkeka yakanilowesha mapaja, ya baridi, nami nakaza miguu na kutazama mbele kama picha. Jiwe moja likaruka likanichana wayo. Nilikuwa naiwaza sare ya bluu. "Binti yako mtulivu," bwana mganga alisema. "Amelelewa," baba akajibu.

Amelelewa! Nina wajukuu leo na neno hilo bado linanichemsha. Gari liliuzwa, na sare ikashonwa, lakini ikavaliwa na kaka yangu Anselmi, ambaye shule alikuwa anaitoroka kwenda kuwinda panzi. Nilipouliza, baba hata hakukasirika. Alisema shule ya msichana ni jikoni, akaendelea kula. Mimi nimezika wazazi wote wawili kwa heshima, lakini sitasema uongo kwamba nimesamehe. Halafu haikupita hata wiki tatu, mke wa bwana mganga akaja kwetu akichechemea, mguu umefungwa bendeji mpaka gotini. Mguu wake ulikuwa umetumbukia kwenye lile shimo wakati gari linatembea. Baba akaanza maneno, mara barabara mbaya, mara mvua. Yule mama hakumtazama kabisa. Alinitazama mimi. "Wewe mtoto, wewe ndiye ulikaa pale. Ulijua?" Baba akadakia, "Mtoto anajua nini?" Nikainamisha kichwa nikatazama wayo wangu, kidonda kimeanza kufunga. Yule mama akasubiri. Kisha akageuka akaondoka akichechemea, na mimi sikufungua mdomo.

Sasa rudi Villawood. Mnunuzi wa Deo alikuwa kijana Mkenya, nesi, jina lake Kimani. Alipopiga simu kwamba anakuja, Deo akaleta zulia la mlangoni, akalitandika juu ya shimo, akanifungulia mlango kwa adabu zote. Akaniambia kwa Kiingereza, maana mimi humsemesha Kiswahili naye hunijibu Kiingereza, kwamba nikae tu hapo mbele, nifurahie, hakuna mtu atakayemwinua bibi kizee kitini. Nilidhani nimesikia vibaya. Sikuwa nimesikia vibaya. Hadithi ya babu yake mzaa mama hajawahi kuisikia, nami najiuliza: hila hii ameitoa wapi? Au inatembea kwenye damu, kama kisukari?

Nikakaa. Nakiri, nilikaa, kwa sababu miguu ilikwenda yenyewe kama ya yule mtoto. Kimani akafika, akalizunguka gari anapiga mbinja. "Shikamoo, Mama. Hii mashine ni moto! Ulikuwa unapelekwa kanisa na hii?" Nikacheka kidogo. Akasema mkewe ana mimba, atakuwa anampeleka kliniki nalo akikaa hapohapo nilipo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikaiona tena ile bendeji ya mke wa bwana mganga.

"Kimani, mwanangu, nishike mkono niinuke. Sasa inama, inua hilo zulia."

"Mum!" Deo akapiga kelele.

"Nyamaza wewe! Mimi si mkeka wa baba yangu, na si zulia lako!"

Kimani akainua, akaona lami. Akamgeukia Deo: "Kaka, ungeniambia tu. Si ningechomelea?" Akaniaga kwa mikono miwili akaenda zake. Amesema ataulizia fundi, lakini simu yake haijalia. Deo hii ni wiki ya pili hanisemeshi hata hicho Kiingereza. Anasema nimemharibia. Baba naye angesema hivyohivyo, ila baba angenichapa na Deo hathubutu. Hayo ndiyo maendeleo ninayoyaona mimi, miaka yote hii na bahari yote hii katikati. Gari liko pale nje. Turubai nimelikataza. Kila asubuhi nakwenda na chai yangu, nafungua mlango, naweka wayo wangu wenye kovu ukingoni mwa lile shimo, na namjibu yule mama, ambaye bila shaka alishafariki: nilijua. Nilijua, mama.