Mkwe Juu ya Mwarobaini

Obedi amejenga nyumba Ipagala kwa kukata miti. Watu wa mjini hupanda miti kwa hotuba na picha. Ikikua na kuziba geti jipya, humwita aje na panga na kamba.

Alipoposa kwa kina Devota kule Mvumi, mshenga wake aliona haya kulitaja panga. "Kijana yuko upande wa mazingira," alisema. Mzee Jordan, baba wa binti, akasikia cheo, na posa ikapokelewa.

Kisha mzee akamwomba mkwewe mtarajiwa amtafutie fundi wa kukata tawi la mwarobaini lililolalia bati. Mafundi wenzake wote walikuwa kazini, hivyo Obedi akaenda mwenyewe Jumapili, mzee akiwa kanisani. Siku hiyo mchungaji aliumwa, na ibada ikaisha mapema.

"Shikamoo, baba," Obedi alisalimu kutoka juu ya mti, panga mkononi.

Wazee walioandamana na Jordan waliinua shingo. "Si mkweo huyo? Mbona amekuwa ngedere?"

Obedi alikumbatia shina, akiona harusi yake ikimponyoka.

Mzee alilitazama panga, kisha akawatazama wenzake. "Ni afisa," alisema. "Anakagua."

"Na panga?"

"Ndicho kipimo chao. Shuka, mwanangu, umekagua vya kutosha."

Harusi ilifungwa. Tawi lipo mpaka leo, maana afisa hakati miti, na kuleta fundi baada ya mkwe kukagua ni kumdharau. Mvua zikianza, Mzee Jordan na mkewe husogeza kitanda, tawi lisije likawaangukia.