Pumzi ya Waya Akelo

Nakumbuka alasiri moja huko Sori, nimeketi kando ya jiko la kukaushia samaki, dada wa baba akinisimulia kituko cha mvuvi aliyefukuzwa na kiboko hadi ndani ya kanisa. Sisi Waluo shangazi huyo humwita waya. Waya Akelo alisifika ufuo mzima kwa vituko vyake. Siku hiyo alifika katikati, akakohoa, akashika goti, akanipungia mkono kwamba nimalizie mwenyewe. Tangu usichana wake alikuwa akikausha samaki wakubwa wa mbuta kwa moshi.

Mwanangu, shule niliiacha mapema, lakini masikio sikuyaacha. Nilichimba dhahabu Nyatike, nikabeba magunia Ndhiwa, nikauza dagaa wa omena Kisegi, na kila nilipopita niliokota neno. Nililoliokota zaidi pande hizi zetu ni kinga. Tulizika watu wengi sana ambao kinga yao ilipungua. Kwa hiyo nilipomwona Waya amekonda na anahema, nilikuwa na jibu kabla ya swali.

Na alikuwa amepimwa hospitali ya Homa Bay! Hakuwa na virusi vya ukimwi wala kifua kikuu. Walimwambia mapafu yameharibiwa na moshi, wakampa pampu ndogo ya kuvuta dawa kwa mdomo, asubuhi na jioni. Nikafungua karatasi ya ndani ya kasha, nikasoma kwamba dawa hiyo hutuliza kinga ya mwili. Niliruka kama niliyekanyaga kaa la moto.

"Waya, hii kitu inalaza kinga! Wanataka kukumaliza?"

"Wewe wa darasa la sita, udaktari umeupata lini?"

"Kusoma najua."

"Kusoma unajua. Kumaliza ukurasa je?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Lakini alinipenda, akaniamini. Nikamletea kutoka soko la Ndhiwa unga wa mizizi wa kuongeza kinga, na pampu ikapandishwa juu ya kabati. Majirani wakanisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikaanza kuwashauri na wao.

Mvua ilipoanza, Waya alishikwa na mafua, mafua ya kawaida tu. Baada ya siku chache hakuweza kutoa hata neno. Tulimbeba kwa bodaboda, yeye katikati yangu na dereva, midomo yake rangi ya majivu. Hospitalini muuguzi, mama wa makamo, aliposikia habari ya kabati hakunifokea. Aliniuliza kama nawajua sungusungu, wale walinzi wa kijiji.

"Nawajua, sista. Upande wa Kuria wako wengi."

"Sasa waitwe bomani kufukuza mwizi, halafu wakatae kwenda kwao. Wabaki hapo wakivunja milango, wakipiga wenye nyumba."

Akanionyesha kifua cha Waya.

"Chembe za kinga za shangazi yako ndizo hizo. Moshi uliziita, zikaja nyingi, na sumu zinazomwaga zinakula kuta za mapafu yenyewe. Hata moto ukizimwa, haziendi zote. Kinga yake haijaisha, kijana. Imekasirika. Tulikuwa tunaituliza."

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo niliijua tangu utoto, sikuwahi kudhani inaingia hadi kifuani.

Waya alirudi nyumbani, lakini kilicholiwa hakikurudi. Hakutembea tena hadi ufuoni. Vituko alivianza, mimi nikavimalizia vibaya, na watu wakacheka kwa adabu. Hakunilaumu. Mara moja tu alinishika mkono: "Ukurasa, mwana wa kaka. Maliza ukurasa." Mwishowe tulimzika, na mpaka leo sijui kiboko yule alifanya nini kanisani.

Basi, mwanangu, kikohozi kisichoisha na pumzi fupi vipeleke hospitali, usivipeleke sokoni. Jiko la moshi litoe nje, mahali pa wazi, upepo uubebe moshi. Dawa ikikutia hofu, rudi kwa aliyekupa umuulize, usiipandishe kabatini kwa neno la mjuaji kama mimi. Na anayekuuzia nguvu ya kinga, muulize nguvu hiyo itakwenda kupigana na nani. Majuto ni mjukuu, wamesema. Wangu amekwisha kuwa mtu mzima, naishi naye.

Mungu akujalie kifua chepesi, na pumzi ya kukifikisha kicheko chako mwisho, wewe mwenyewe, bila mtu wa kukumalizia.