Rakaa Mbili Sebuleni kwa Watu

Shangazi yangu alipovunjika mguu aliweka nadhiri: akijaaliwa kutembea bila mkongojo, atasali rakaa mbili katika msikiti wa kale, kwenye magofu ya upande wa Mtwapa. Mamake alikuwa akienda huko. Mguu ukapona. Kwa hiyo kinamama wa mtaa wetu wa Kisauni walipokodi gari, asubuhi magofuni, alasiri milima ya Rabai, yeye alikuwa wa kwanza kupanda.

Mimi ndiye niliyemwongoza, kwa kuwa kati yetu wawili ndiye ninayejua kusoma kidogo. Mawingu yalikuwa mazito, jua halionekani. Nikaona chumba kizuri, ukutani pana kijishimo kilichochongwa kwa ufundi, nikamwambia kibla hiki hapa. Akavua viatu, akasali taratibu, akalia kidogo. Nilifurahi mno.

Tulipotoka ndipo nikasoma kibao. Ilikuwa nyumba ya mtu. Kile kijishimo kilikuwa kidaka cha kuwekea vyombo. Msikiti ulikuwa mbele, karibu na bahari. Kibao hakikuwa na kosa, kiliandikwa wazi. Mimi ndiye niliyekipita.

Wenzetu walikuwa washarudi garini na dereva anapiga honi. Nilifikiri kunyamaza. Sijui kama ningeweza, lakini nilifikiri. Mwisho nikamwambia, macho chini.

Aligeuka akaitazama ile nyumba. Kisha akasema, "Kumbe nimepiga hodi kwa wenyeji kwanza. Si ndiyo adabu, mwanangu?"

Akarudi kwa miguu yake mwenyewe, akasali upya, mara hii kwenye kibla chenyewe.

Wenzetu walinung'unika, na walikuwa na haki, maana tulipofika Rabai mvua ilikuwa imetutangulia na milima imezibwa na ukungu. Mmoja alisema moshi kama ule angeuona jikoni kwake kwa kuni mbichi. Lakini ukungu ukapanda, Mombasa yote ikajitokeza chini, na matangi ya mafuta ya Changamwe yakawa kama sufuria zilizofudikizwa. Shangazi alikuwa amepanda juu kutupita sote, mikono mitupu, bila mkongojo.

Alasiri ikaingia. Akatandika leso yake, akanigeukia mimi mbele ya watu wote.

"Kibla wapi?"

Walicheka mpaka wakashikana. Nilikuwa nakijua, nadhani. Hata hivyo nikateremka kwanza kumuuliza dereva.