Samaki Aliyesalimiwa Kwanza

Sikiliza, nikueleze. Nikinusa udongo mbichi, namkumbuka besi wa baba, samaki wa mdomo mpana kama wale aliowavua Naivasha, aliyeishi ndani ya tangi la kioo sebuleni kwetu Birmingham. Baba akirudi kutoka kiwanda cha magari, alimsalimia yeye kwanza.

"Nimeletewa mke mwenza," mama alitania. Mimi sikucheka.

Siku moja nilichimba nyungunyungu bustanini ili baba anitazame.

"Usimtupie tu, mwanangu. Huyu hali kitu kisichocheza."

Akanishika mkono, tukamtikisa nyungunyungu pamoja juu ya maji. Samaki akaruka, akamnyakua.

"Umemwona!" baba alishangilia, macho yake yote kwenye kioo.

Basi ukifuga samaki, ukifika nyumbani msalimie mtoto kwanza.